Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Mwalimu wa zamu alikuwa na filimbi shingoni, lakini sikumbuki hata siku moja aliyoipuliza ili tuongeze mbio. Alitusikiliza tu. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi za uwanja wa mpira na ukungu wa Mbulu haujapanda, shule nzima tulizunguka uwanja kwa mchakamchaka, wengi wetu peku, madarasa ya chini mbele na ya juu nyuma. Kiongozi wa wimbo, mvulana wa darasa la sita mwenye sauti ya kukwaruza, alitupa mstari wake hewani. Sisi tukaudaka na kuujibu kwa pamoja, miguu ikigonga ardhi pale pale neno lilipotua. Wimbo ulipoanza kukatika kwa wale wadogo, mwalimu aliinua mkono, mwendo ukapungua, wimbo ukarudi. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya shule kwa miaka saba.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1976. Miaka miwili kabla ya hapo Filbert Bayi, kijana wa Karatu, na wakati huo Karatu ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu ya Mbulu, alikuwa ameongoza mbio za mita 1,500 kule Christchurch tangu bastola ilipolia hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Na kabla yake kulikuwa na John Stephen Akhwari, naye wa Mbulu, aliyeumia njiani kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea na mguu uliofungwa bandeji mpaka akaingia uwanjani jua likiwa limezama. Watu hawa walitajwa nyumbani kwetu kama wanavyotajwa jamaa. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu watoto kukimbia kabla ya kunywa uji.

Leo nikiukumbuka mchakamchaka ule, naona tulikuwa tunafundishwa jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwa jina. Kiongozi alipoimba, sisi tulikuwa kimya, na mtu anayekimbia akiwa kimya anavuta hewa. Tulipojibu, tuliitoa yote, taratibu, kwa urefu wa mstari mzima. Hatua nne za kusikiliza, hatua nne za kujibu. Miguu ilikuwa saa, wimbo ulikuwa pumzi, na pumzi ilifungwa kwenye miguu bila mtoto yeyote kuambiwa ahesabu. Mwalimu naye alikuwa na kipimo ambacho hakikuhitaji betri: mwendo ukizidi uwezo wa mapafu, sauti ndiyo inayokufa kwanza.

Somo la pili nililipata nyumbani, kwenye kinu.

Mama na shangazi walikoboa mahindi ya makande pamoja, michi miwili ikipokezana, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Nilipofika miaka tisa nikaomba na mimi niingie. Kinu kimoja, michi mitatu. Nilisimama nikakodoa macho kwenye mchi wa shangazi, nikihesabu moyoni, nikangoja nafasi yangu, nikashusha. Michi ikagongana juu ya mdomo wa kinu na mkono wangu ukafa ganzi hadi begani.

Shangazi hakucheka. Akasema, "Usiuangalie mchi wangu, mwanangu. Sikiliza kinu. Na utoe pumzi unaposhusha."

Alikuwa na mlio wake, pumzi fupi iliyotoka kifuani kila mchi ulipotua. Mama alikuwa mzito kidogo, alipenda kupumzisha mchi hewani. Hawakuwa na kasi moja, wala mmoja hakumwiga mwenzake, lakini kinu kilitoa mlio mmoja. Nilihitaji karibu mwezi mzima mpaka mchi wangu ukapata pa kutua katikati yao, na siku ulipopata sikujua nimefanyaje. Nilijua tu kwamba mikono ilikuwa imeacha kuuma.

Maisha yakanitoa Mbulu. Nilisoma, nikaajiriwa, nikazaa, nikahamia Dar es Salaam, na kwa zaidi ya miaka 20 sikukimbia isipokuwa kuwahi daladala. Mwaka 2013, nikiwa na miaka 44, muuguzi wa zahanati moja alinifunga kitambaa cha presha mkononi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini alichokiona. Dawa nilipewa, na ushauri pia: nianze kutembea kila siku, na mwili ukizoea nikimbie polepole.

Nilinunua saa ya mkononi inayohesabu hatua, pamoja na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu akitoa umri wake kwenye 220 anapata makadirio ya kilele cha moyo wake, nami nikapata 176. Nilikuwa nimesoma pia kwamba kocha Jack Daniels alihesabu hatua za wanariadha kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akakuta karibu wote wanapiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Nikaziandika namba hizo mbili kwenye karatasi nikaibandika mlangoni. Sikujiuliza wale aliowahesabu walikuwa nani, wala walikuwa wakienda kwa kasi gani. Ni watu waliokuwa wakishindania medali. Mimi nilikuwa mama wa watoto watatu ufukweni Coco, saa kumi na mbili asubuhi, nikijilazimisha kuchezesha miguu kama wao.

Jambo la kwanza kunitisha lilikuja nikiwa nimelala. Nilikuwa nimezoea kujipima mapigo, basi usiku mmoja nikashika kifundo cha mkono gizani, na nikasikia moyo unakwenda haraka, unapunguza, unakwenda haraka tena, unapunguza. Nilikaa macho hadi alfajiri nikiwaza watoto wangu. Asubuhi nilirudi kwa yule muuguzi. Akanishika mkono, akaniambia nivute pumzi taratibu, kisha niitoe taratibu, huku naye akisikiliza kwa vidole. "Ukivuta, unaongeza. Ukitoa, unapunguza," akaniambia. "Ni moyo mzima huo. Ungekuwa haupishani kabisa ndipo tungeongea mengine."

Jambo hilo Mjerumani Carl Ludwig alilirekodi mwaka 1847, kwa mtambo aliouunda mwenyewe wa kuchora mapigo ya damu kwenye karatasi iliyozungushwa. Neva moja ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani hushika breki ya moyo. Mtu anapovuta hewa breki hulegea, anapoitoa, hukaza. Msomaji anaweza kujipima sasa hivi akiwa ameketi. Mtu akianza kukimbia kwa nguvu breki hiyo huachiwa karibu yote, na kule kupishana hufifia, ndiyo maana siku zote nilizokimbia sikuwahi kukuhisi. Nilitoka zahanati nimejua kwamba moyo na pumzi hushauriana hata nikiwa usingizini, na sikuwa nimewahi kuviomba vifanye hivyo. Hilo lingetosha kunifundisha. Halikutosha.

Nilikuwa nimeingiwa na fikra kwamba pumzi ndefu ni pumzi bora. Nikaamua kuvuta kwa hatua nne na kutoa kwa hatua nne, kama enzi za mchakamchaka, nikasahau kwamba mchakamchaka ulikwenda polepole kwa ajili ya wadogo. Piga hesabu mwenyewe: hatua 168 kwa dakika, ukizigawa kwa nane unapata pumzi 21. Kwa mtu anayekimbia kwa bidii kwenye joto la Februari, na bahari ikimtupia mvuke usoni, pumzi 21 ni chache mno. Kinachomfanya mtu ahisi anakosa hewa, mara nyingi, ni kaboni dioksaidi inayorundikana kwenye damu kwa kukosa kutolewa, kabla hata oksijeni haijapungua sana. Mimi nilikuwa nimeifungia ndani kwa hiari yangu.

Na moyo nao ulikuwa na shida yake. Dakika ya 10 saa ilisoma mapigo 145. Dakika ya 40, hatua zilezile, kasi ileile, ikasoma 163. Joto lina tabia hiyo. Damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, jasho hupunguza maji yaliyomo kwenye damu, na damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Kila pigo likisukuma damu kidogo kuliko mwanzo, moyo hufidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Niliitazama ile 163 nikaiona kama utovu wa nidhamu. Nikazidi kubana pumzi ili kuishusha. Kichomi kikanishika chini ya mbavu za kulia kama sindano ya kushonea magunia, na macho yakaanza kuona nyota. Nikaketi kwenye ukuta wa ufukweni, mikono magotini.

Wakati huo ndipo ilipopita klabu moja ya jogingi, watu kama 30, fulana za rangi moja, wanaume kwa wanawake, baadhi wanene kuliko mimi na wakubwa kuliko mimi. Walikuwa wanaimba. Kiongozi alikuwa pembeni na filimbi, akitupa mstari, na wao wakijibu. Nilisikia pumzi zao kati ya mistari, watu 30 wakivuta hewa kwa pamoja, halafu miguu, halafu jibu. Nililia pale ukutani, na sikulia kwa sababu ya kichomi.

Kuanzia siku hiyo nilianza kusoma kwa njaa nyingine. Nilitaka kujua kinachotokea hasa humo ndani.

Mwaka 1983 wanabiolojia wawili wa Marekani, Dennis Bramble na David Carrier, walichapisha utafiti uliolinganisha mbio za binadamu na za wanyama wenye miguu minne. Farasi anapopiga shoti hana hiari na pumzi yake: mruko mmoja, pumzi moja. Miguu ya mbele ikitua, kifua chake hubeba uzito wote na kubanwa. Matumbo nayo husukumwa mbele na nyuma kila mruko, yakigonga ule msuli mpana wa diaframu unaotenganisha kifua na tumbo. Mwili unampumulisha. Binadamu, kwa kuwa mikono yake haishiki ardhi na kifua chake hakibebeshwi mwili, ana uhuru wa kuchagua. Walimkuta akitumia mipango kadhaa, na uliopendwa zaidi ulikuwa pumzi moja kwa mizunguko miwili ya miguu, yaani hatua nne: mbili za kuvuta, mbili za kutoa. Na wakaona jambo ambalo lilinigusa kuliko yote. Wakimbiaji wazoefu pumzi zao zilikuwa zimeshikamana na hatua. Wageni wa mbio, pumzi zilikwenda huku na miguu kule.

Makocha wengine hufundisha hesabu ya witiri, hatua tatu za kuvuta na mbili za kutoa, ili mwanzo wa kutoa pumzi usiangukie mguu uleule kila mara. Nimeijaribu na ninaipenda kwenye mbio za wastani. Kwa hatua 170 inanipa pumzi 34, na 34 zinanitosha asubuhi isiyo na joto kali. Mchana hazinitoshi, na siku hizi sibishani nazo. Naziacha ziwe 42 kwa mbili kwa mbili.

Habari ya moyo na hatua ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Mguu unapotua, misuli ya kigimbi na paja hukaza na kuiminya mishipa ya vena iliyomo ndani yake. Vena zina vali zinazozuia damu isirudi chini, kwa hiyo kila hatua ni pampu inayopandisha damu kuelekea kifuani. Hatua pia hutuma mshindo wa shinikizo kwenye damu ya ateri. Sasa moyo wenyewe una nyakati mbili, wa kukaza ukisukuma damu nje, na wa kulegea ukijaa upya. Na ni katika kulegea ndipo misuli yake mikubwa ya upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu inayoilisha yenyewe. Mshindo wa mguu ukifika wakati moyo unakaza, moyo unasukuma dhidi ya shinikizo lililoongezeka. Ukifika wakati umelegea, mshindo unausaidia kujaa na kula. Watafiti wamewakimbiza watu kwenye mashine huku mlio ukiwaelekeza wakati wa kukanyaga, na wale walioelekezwa kukanyaga moyo ukiwa umelegea, mapigo yao yalishuka kidogo. Ni kidogo tu. Lakini kwa mtu aliyelelewa kwenye kinu, hilo halikuwa jipya: mchi wako utue wakati wa mwenzako uko juu.

Hatua na mapigo vinaweza kukutana hivyo vyenyewe pale hesabu zinapokaribiana. Chukua hatua 164 na mapigo 160. Tofauti ni nne kwa dakika, kwa hiyo kila sekunde 15 hatua inaupita moyo kwa pigo moja zima. Ndani ya sekunde hizo 15 mguu unatua kwanza pamoja na msukumo wa moyo, kisha unateleza mpaka kwenye ulegevu, kisha unarudi. Kuna wakati viwili hivi hushikana na kukaa pamoja kwa muda kabla ya kuachana, kama zile saa mbili za ukutani ambazo Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa mwaka 1665, aliziona zikipatana pendulamu zake kwa sababu tu zilining'inia kwenye boriti moja.

Nilirudi Mbulu likizo ya Desemba nikiwa na elimu hii yote kichwani. Asubuhi ya kwanza nikafunga viatu, nikashika njia ya vumbi inayopita nyumbani kwa shangazi. Baada ya miaka mingi pwani, hewa ya kwetu ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Ile tatu kwa mbili yangu ilivunjika kabla ya kilomita ya kwanza. Moyo ulikuwa haujapanda sana, miguu ilikuwa na nguvu, ila mapafu yaliomba mara nyingi zaidi. Nilipofika uani kwa shangazi nilikuwa nagombana na mwili wangu kwa sauti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikusikia tangu kwenye mti wa mwisho. Miguu yako inatwanga mahindi, pumzi yako inatwanga mtama."

Alikuwa na zaidi ya miaka 70, na hakuwa amewahi kukimbia kwa ajili ya kukimbia. Nikamwuliza: walipokuwa wanatwanga watatu na mmoja akachoka, walifanyaje? Alifikiri kidogo. Akasema hawakusimama, na hawakumwambia aliyechoka ajikaze. Wote waliinua michi chini zaidi. Kimo kikipungua, kazi inapungua, na zamu ya kila mmoja inabaki palepale.

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na utafiti wowote.

Niliporudi barabarani nilifupisha hatua. Sikupunguza idadi yake, nilipunguza urefu. Miguu ikabaki na mlio wake, lakini kila hatua ikawa nyepesi, na pumzi ikaingia yenyewe kwenye mbili kwa mbili ndani ya mita 100. Moyo ulichelewa, kama unavyochelewa siku zote. Ukiuongezea kazi, au ukiupunguzia, huchukua dakika moja mbili kabla haujatulia kwenye kasi mpya. Kabla ya hapo nilikuwa nikisubiri saa inionyeshe moyo umepanda ndipo nichukue hatua, na wakati huo deni lilikuwa tayari limekopwa. Miguu inanisikia papo hapo. Pumzi inanisikia nusu. Moyo haunisikii kabisa, unaisikia miguu na pumzi, na kuwaza kwamba ningeuamuru kwa kuukazia macho kwenye kioo cha saa ndiko kulikonikalisha kwenye ule ukuta wa Coco.

Miaka kadhaa baadaye nilikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, pale Moshi. Njia inapanda kuelekea Mweka, mwinuko ambao hauishi, migomba na kahawa pembeni, watoto wakinyoosha viganja. Niliinua michi chini. Hatua fupi, mbili kwa mbili, na sikutazama mkono hata mara moja mpaka tulipogeuka. Kulikuwa na mzee mmoja kulia kwangu, mgeni kabisa, na baada ya kilomita mbili niligundua kwamba miguu yetu inatua pamoja. Hatukuwa tumeongea. Alipovuta nilivuta. Kuteremka kukatutenganisha, kwa maana kwenye mteremko miguu hukimbia kuliko mapafu yanavyohitaji, na kila mtu hulazimika kuzitafuta upya hesabu zake. Yeye akaenda mbele, akainua mkono bila kugeuka.

Siku hizi napenda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022 juu ya bahari, kabla ya magari hayajajaa. Sisikilizi muziki. Nina miaka hamsini na kitu, presha imeshuka ingawa dawa sijaacha, na saa bado naivaa, ila naisoma nikifika nyumbani. Katikati ya daraja, upepo ukitulia, naweza kuusikia moyo masikioni. Naungoja ukutane na mguu. Unakaribia, unakaribia, unatua pamoja nao hatua mbili, tatu, tano, na pumzi iko palepale chini yao ikitoka. Kisha unateleza. Nahesabu taratibu mpaka 15, na taa za upande wa Coco zinazimwa moja baada ya nyingine kwa kuwa kumekucha.